Dawa ya sonona kwa mtoto mwenye kifafa cha vinasaba: inatuliza au inachochea?

#1 Mama Pacha
Wakuu salaam. Binti yangu ana miaka 12 na ana sindromu ya Dravet, aina kali ya kifafa inayoanza utotoni, kipimo cha vinasaba kilionyesha hitilafu kwenye jeni ya SCN1A. Anatumia dawa za kifafa: valproeti, klobazamu na stiripentoli. Tangu mwaka jana amekuwa mwoga wa kila kitu, hataki kutoka chumbani, analia ukimuuliza hana jibu. Daktari wake amependekeza fluoksetini, dawa ya sonona, kwa dozi ndogo. Hapo sikushangaa. Kilichoniacha mdomo wazi ni alichosema wakati tunaaga: "Na huenda ikapunguza hata degedege."
Nimefika nyumbani nikafungua kikaratasi cha ndani ya boksi. Kinasema itumike kwa tahadhari kwa mwenye historia ya degedege, na kama kifafa hakijatulia isitumike. Chake hakijawahi kutulia tangu ana miezi sita. Nishike la daktari au la kikaratasi?

#2 Mbishi Asilia
Shika la kikaratasi. Dawa za sonona zinachochea degedege, hilo halina mjadala. Uzi ufungwe.

#3 Nesi wa Zamu
Mbishi umeanza mapema leo. Sifa hiyo wanayo wachache: bupropioni, klomipramini, maprotilini. Bupropioni ikifika miligramu 450 kwa siku, kama watu 4 katika 1,000 hupata degedege, na ukivuka hapo hatari inapanda kwa kasi. Sasa wewe unaibebesha familia nzima kosa la watoto watatu.
Mwaka 2007 Alper na wenzake walipitia taarifa za majaribio zilizopelekwa FDA, mamlaka ya dawa kule Marekani. Ukiondoa hao wakorofi, waliokunywa dawa za sonona walipata degedege kama nusu tu ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Nusu pungufu, si zaidi.

#4 Mbishi Asilia
Nesi, hao walikuwa wagonjwa wa sonona, hawakuwa na kifafa. Mtu mwenye sonona ana uwezekano mkubwa wa degedege kuliko mtu wa kawaida hata kabla hajameza chochote. Ukimtibu sonona, hatari inashuka yenyewe. Huwezi kuichukua hesabu hiyo ukamvika mtoto mwenye Dravet.

#5 Nesi wa Zamu
Hilo nakupa. Lakini neno "halina mjadala" lirudishe mfukoni.

#6 Fundi Saa
Mbona mnazunguka? Dawa ya sonona ya kutibu Dravet ipo tayari, inaitwa fenfluramini, imepitishwa tangu 2020. Mama Pacha muulize daktari kwa nini asikupe hiyo.

#7 Kinasaba
Fundi, umekaribia ila umegonga mlango wa jirani. Fenfluramini haijawahi kuwa dawa ya sonona. Ilikuwa dawa ya kukata hamu ya kula. Marekani waliiondoa sokoni 1997 baada ya kuonekana inaharibu vali za moyo. Ubelgiji kukawa na madaktari waliokuwa wakiwapa watoto wenye kifafa kigumu kwa dozi ndogo, wakaruhusiwa kuendelea nao chini ya uangalizi. Wale watoto wachache ndio waliookoa jina la hiyo dawa. FDA wakaipitisha kwa Dravet Juni 2020, na kwa sindromu ya Lennox-Gastaut, kifafa kingine kigumu cha utotoni, 2022.
Kinachowachanganya watu ni kwamba yenyewe na fluoksetini zote zinagusa serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Njia ni mbili tofauti. Chukulia sinki. Fluoksetini inaziba tundu la chini, maji yaliyopo yanachelewa kuondoka. Fenfluramini inafungua bomba. Na juu ya hapo inakwenda yenyewe kugonga vipokezi kadhaa vya serotonini, pamoja na kingine kinachoitwa sigma-1 ambacho hakihusiani na serotonini kabisa. Kwa hiyo fenfluramini kufanya kazi si ushahidi kwamba fluoksetini itafanya.

#8 Fundi Saa
Nimekosoka. Asante.

#9 Mbishi Asilia
Screenshot imehifadhiwa. Fundi kakubali kosa.

#10 Bi Tausi
Mama Pacha pole, na karibu. Mimi wangu yuko kwenye fenfluramini mwaka wa pili. Kabla ya kuanza alipimwa moyo kwa ultrasaundi, na kila miezi sita tunarudi. Ameshaizoea hadi anavua shati kabla hajaambiwa, anauliza kama ile jeli leo imepashwa moto. Degedege kubwa zimepungua sana. Zile ndogo za kupepesa macho bado zipo, akiona shati la mistari tu zinakuja. Kula ndiyo shida, tunabembelezana kijiko kwa kijiko.
Sasa sikia: wangu naye aliwahi kuandikiwa fluoksetini na daktari mwingine kwa ajili ya hasira. Aliyezuia ni mfamasia. Fenfluramini na dawa ya sonona pamoja zinaweza kujaza serotonini kupita kiasi, mtoto anatoka jasho, anatetemeka, joto linapanda. Na sisi wa Dravet tunajua joto likipanda kinafuata nini: degedege. Wako hayuko kwenye fenfluramini kwa hiyo hilo halimhusu leo, ila likumbuke kwa kesho.

#11 Kimya Kingi
Huwa nasoma tu. Naomba kuuliza, kama ni ya vinasaba, na jina lako ni Mama Pacha, yule pacha mwingine naye anayo?

#12 Mama Pacha
Hapana. Ni wa kiume, mzima kabisa, ndiye huwa anahesabu dakika dada yake akishikwa. Tulipimwa mimi na baba yao, hatuna hiyo hitilafu.

#13 Kinasaba
Kimya Kingi swali zuri, linawasumbua wengi na kuna ndoa zimevunjika kwa kutolielewa. "Ya vinasaba" haina maana ya "ya kurithi". Kwa Dravet, sehemu kubwa ya watoto hitilafu inazaliwa upya kwa mtoto mwenyewe, baba hana, mama hana. Mapacha wasiofanana ni ndugu wa kawaida waliolala chumba kimoja, mmoja anaweza kuwa nayo na mwingine asiwe nayo.
SCN1A ni maelekezo ya kutengeneza mlango wa sodiamu kwenye seli za neva. Hitilafu inapunguza idadi ya milango inayofanya kazi. Utadhani milango ikipungua ubongo utatulia. Lakini seli zinazoitegemea zaidi hiyo milango ni zile za breki. Breki zikilegea, gari linakwenda.

#14 Fundi Saa
Hapo ndipo na mimi nina la kusema, na hili sijaokota, nimeliishi. Mwanangu kabla hajapimwa vinasaba alipewa karbamazepini. Inafunga milango ya sodiamu. Yaani breki zimelegea, wewe unazikata kabisa. Kila akishikwa wanaongeza dozi, kila wakiongeza dozi anashikwa zaidi. Miaka miwili. Daftari langu la wakati ule sijalifungua tena, lipo juu ya kabati. Siku alipobadilishiwa dawa, wiki ya kwanza nilidhani nimesahau kuandika.
Sasa nauliza wataalamu: amitriptilini nayo ni dawa ya sonona na nayo inafunga milango ya sodiamu. Kwa nini mtu amwekee mtoto wa Dravet kitu kama hicho?

#15 Kinasaba
Swali zito. Ndiyo, amitriptilini inafunga, na fluoksetini nayo kwa kiasi chake. Kwa mtoto wa SCN1A hilo ni jambo la kuangaliwa. Lakini geuza shilingi: kuna watoto wenye hitilafu kwenye SCN8A ambao mlango wao hautaki kujifunga, sodiamu inamiminika. Hao ndio wanaofaidika na dawa za kufunga. Dawa moja, majirani wawili wanaotofautiana tarakimu moja kwenye jina la jeni, mmoja anapona mwingine anaumia. Mtu akiandika "dawa ya sonona inatibu kifafa cha vinasaba" muulize kwanza, jeni gani?

#16 Mbishi Asilia
Kwa hiyo mnakubaliana na mimi ila mnatumia maneno mengi.

#17 Kinasaba
Hatujafika huko. Kuna samaki.

#18 Mbishi Asilia
Samaki?

#19 Kinasaba
Wale wadogo wenye mistari kama pundamilia, wanaofugwa maabara. Scott Baraban na timu yake, Chuo Kikuu cha California San Francisco, walikuwa na samaki wenye hitilafu kwenye jeni inayolingana na SCN1A. Mabuu yao yanapata degedege kweli, yanazunguka kama yamelewa halafu yanakakamaa. Mwaka 2013 wakachapisha matokeo: walijaribu dawa 320 juu ya hao samaki, na iliyowashangaza ni klemizoli, dawa ya zamani ya mzio. Dawa nyingine za mzio hazikufanya kitu. Wakafuatilia wakakuta klemizoli inagusa vipokezi vya serotonini.
Wakaendelea kutafuta dawa nyingine zinazogusa huko, na mwaka 2017 wakaja na mbili: lokaserini na trazodoni. Trazodoni ni dawa halisi ya sonona, haina ubishi. Lokaserini ilikuwa ya kupunguza uzito, wakaijaribu kwa watoto watano wenye Dravet. Halafu 2020 ikaondolewa sokoni Marekani kwa hofu ya saratani.

#20 Mbishi Asilia
Muhtasari: dawa moja inaharibu moyo, nyingine inaleta saratani, ya tatu imempa nafuu samaki mwenye mawazo. Mama Pacha, endelea na klobazamu.

#21 Nesi wa Zamu
Cheka tu, ila yule samaki aliitikia pia fenfluramini, na leo watoto wanaitumia. Mwenzako Bi Tausi ameandika hapo juu.
Kwa binadamu yapo machache pia, japo madogo. Favale na wenzake 1995 waliwaongezea fluoksetini wagonjwa 17 ambao kifafa chao kinaanzia sehemu moja ya ubongo. Sita degedege zao zikakoma, waliobaki zikapungua. Hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na hakikuwa kifafa kama cha binti wa Mama Pacha.

#22 Mbishi Asilia
Bila kundi la kulinganisha hata maji ya bomba yanatibu. Watu huongezewa dawa wakati hali ni mbaya kupindukia. Baada ya ubaya kupindukia huja ubaya wa kawaida, halafu dawa mpya inapewa sifa. Na hiyo sisemi kwa ubishi, nimefuga kifafa changu mwenyewe miaka 19. Nimewahi kupata "nafuu" ya kila dawa mpya niliyopewa. Miezi miwili, mitatu, kisha narudi pale pale.

#23 Bi Tausi
Kumbe Mbishi nawe ni wa nyumbani. Hukuwahi kusema.

#24 Mbishi Asilia
Hamkuuliza.

#25 Mfamasia Mstaafu
Nimesoma uzi wote na nashangaa hakuna aliyegusa ini.
Mama Pacha, binti yako anatumia klobazamu. Klobazamu ikifika kwenye ini inageuzwa kuwa noklobazamu, na hiyo noklobazamu nayo inatuliza degedege. Inakaa mwilini muda mrefu kuliko mama yake. Kinachoiondoa ni kimeng'enya kiitwacho CYP2C19. Fluoksetini inakizuia kimeng'enya hicho, na fluvoksamini, ndugu yake, inakizuia kwa nguvu zaidi. Matokeo: noklobazamu inarundikana kwenye damu. Mtoto anapata degedege chache na anasinzia. Wazazi wanasema dawa ya sonona imetibu kifafa. Kumbe aliyefanya kazi ni klobazamu ile ile, imeongezwa dozi kwa mlango wa nyuma.
Ubishi kama huu ulikuwepo pia kwa kanabidioli, dawa ya kifafa itokanayo na mmea wa bangi, nayo inapandisha noklobazamu. Pale ikabidi watu watenganishe waliokuwa na klobazamu na wasiokuwa nayo.

#26 Kinasaba
Mzee, hii nondo imetua. Ila ngoja. Binti yuko kwenye stiripentoli, na stiripentoli nayo inazuia CYP2C19. Mlango wa nyuma kwake ulishafunguliwa siku nyingi. Je, fluoksetini itaongeza kitu tena?

#27 Mfamasia Mstaafu
Umenikamata kijana. Inawezekana nyongeza ikawa ndogo kwake kuliko kwa mtoto asiye na stiripentoli. Ndiyo maana mimi ningeomba klobazamu na noklobazamu zipimwe kwenye damu kabla, kisha tena wiki kadhaa baada ya kuanza. Namba zikibaki pale pale na degedege zikapungua, hapo fluoksetini ina haki ya kujisifu. Zikipanda, tujue nani alifanya kazi.
La pili: dawa za kundi hili zinaweza kushusha sodiamu kwenye damu, na sodiamu ikishuka sana inaleta degedege yenyewe. Hilo nalo lipimwe.

#28 Kimya Kingi
Sasa mbona #13 inasema milango ya sodiamu imepungua? Si bora ale chumvi nyingi basi?

#29 Kinasaba
Hapana jamani, chumvi iacheni. Sodiamu ya kwenye damu ni idadi ya watu walio nje ya ukumbi. Mlango wa seli ni mlango. Ukileta watu wengi zaidi nje, milango haiongezeki.

#30 Nesi wa Zamu
Kuna jambo mmelipita, na kwangu ndilo kubwa. Usiku. Watoto wenye Dravet wana hatari kubwa ya kifo cha ghafla, na mara nyingi inadhaniwa pumzi inasimama baada ya degedege. Seli za serotonini kwenye shina la ubongo zinahusika na kuendesha pumzi. Kuna aina ya panya, DBA/1, ukiwapigia kelele kubwa wanapata degedege kisha wanaacha kupumua. Walipopewa fluoksetini kabla, wengi pumzi haikusimama. Wengine degedege ilikuja vile vile ila pumzi ikabaki. Kwa watu wazima wenye kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, imeonekana wanaotumia dawa za kundi la fluoksetini oksijeni yao haishuki sana wakati wa degedege.
Panya si mtoto, najua, Mbishi usiandike. Lakini swali la "inapunguza idadi?" huenda si swali pekee.

#31 Mbishi Asilia
Siandiki. Mke wangu analala ameweka mkono kifuani kwangu mwaka wa tisa huu. Hilo la pumzi sitanii nalo.

#32 Mama Pacha
Nimewasoma wote, mbarikiwe. Nimeipeleka hoja ya Mfamasia kwa daktari, nikamwonyesha kwenye simu. Amesoma, akavua miwani, akasoma tena. Akasema ataagiza vipimo vya damu kabla ya kuanza. Kuhusu degedege amerudi nyuma kidogo, amesema lengo lake ni hofu ya mtoto, degedege likipungua ni nyongeza. Kikaratasi amesema anakijua na ndiyo sababu anaanza na dozi ndogo na atanipigia kila wiki. Midazolamu ya dharura ipo kando ya kitanda kama kawaida.
Naanzisha daftari jipya.

#33 Fundi Saa
Andika na saa alizolala, na joto la mwili. Usiandike idadi peke yake. Mimi nilijuta.

#34 Mgeni Mpya 07
Habari zenu. Nimeona mmeandika fenfluramini inakata hamu ya kula. Inapatikana wapi? Nina tumbo linanisumbua.

#35 Bi Tausi
Mwanangu, soma #7 mpaka mwisho. Neno "vali".

#36 Mbishi Asilia
Tumbo litapungua, na moyo nao.

#37 Mama Pacha
Mrejesho. Wiki sita kabla ya dawa, wastani ulikuwa 12 kwa wiki. Baada ya kuanza: wiki ya kwanza 11, ya pili 9, ya tatu 8, ya nne 14. Noklobazamu imepanda kidogo, daktari anasema si ya kushtua. Sodiamu iko sawa.
Juzi alitoka chumbani mwenyewe akakaa na kaka yake wakacheza karata. Alipokuwa akishindwa alikuwa anazitupa chini, kaka anaziokota.

#38 Kinasaba
Noklobazamu imepanda na degedege zimeshuka hadi 8. Mfamasia atafurahi.

#39 Mfamasia Mstaafu
Sijafurahi wala sijanuna. "Kidogo" ni kiasi gani? Tuletee namba.

#40 Mbishi Asilia
Na hiyo 14?

#41 Mama Pacha
Alikuwa na mafua. Joto 38.6.

#42 Mbishi Asilia
Basi hiyo wiki iwekee nyota. Na hiyo ya 8 pia.